Mwanzo wa wiki, mwanzo wa neno

Kuweka kisanduku cha kutafutia kwenye ukurasa wa Mwanzo wa wiki ya jumuiya ni kazi ya dakika chache. Wiki nyingi za namna hiyo zinaendeshwa kwa programu ya MediaWiki, ile ile inayoendesha Wikipedia, na programu hiyo ina kiendelezi kiitwacho InputBox ambacho kazi yake ni kutengeneza visanduku basi. Unaufungua Mwanzo, unabonyeza Hariri, unaandika neno inputbox kati ya alama mbili za pembe, kisha chini yake mistari minne: type=search, width=30, buttonlabel=Nenda, searchbuttonlabel=Tafuta. Unafunga alama, unahifadhi, kisanduku kimetokea. Kikwazo pekee ni kwamba Mwanzo huwa umefungwa kwa kuogopa waharibifu, kwa hiyo anayeweza kuugusa ni mkabidhi, yaani msimamizi aliyechaguliwa na wenzake. Mkabidhi akipatikana, shughuli imekwisha.

Kwa kuwa ni rahisi hivyo, mjadala wake nao huishia kwenye mambo rahisi: kikae juu au katikati, kiwe cha rangi gani, kiwe kipana kiasi gani. Hayo nitayagusa, ila kazi haiko hapo. Kisanduku kikishawekwa mahali macho ya mgeni yanapotua kwanza, mgeni ataandika neno la Kiswahili kama anavyolisema nyumbani, na wiki itamjibu kwa mitambo iliyozoea lugha ambazo maneno yake hubadilika mwishoni. Ya kwetu hubadilika mwanzoni. Jumuiya isiyojiandaa kwa hilo itakuwa imeweka mlangoni bawabu asiyejua majina ya wenyeji.

Kwanza, je, kinahitajika? Wiki ya kwanza kabisa, ile ya Ward Cunningham ya mwaka 1995, ilikuwa na ujanja mmoja ninaoupenda hadi leo: ukibonyeza kichwa cha ukurasa, unaletewa kurasa zote zinazoutaja. Utafutaji ulikuwa umejificha ndani ya kusoma kwenyewe. Hilo liliwezekana kwa sababu wiki ilikuwa ndogo na wasomaji wake walikuwa watu wa programu za kompyuta. Wikipedia ilipokuja, kisanduku kikawa kitu cha lazima, na tangu hapo kimekuwa kikihamahama. Katika muonekano wa MonoBook, wa mwaka 2004, kilikaa kushoto chini ya nembo, na vitufe viwili chini yake. Muonekano wa Vector wa 2010 ulikipeleka juu kulia. Ule wa Vector 2022, ambao Wikipedia ya Kiingereza iliuanza Januari 2023, ulikirudisha karibu na nembo, ukakirefusha, na kila jina linalopendekezwa likaanza kuja na picha ndogo na maelezo mafupi. Taasisi ya Wikimedia, inayosimamia Wikipedia, ilieleza kwamba katika wiki ilizozifanyia majaribio, utafutaji uliongezeka kwa takriban asilimia 30. Hakuna makala iliyoongezwa kwa ajili hiyo. Kilichobadilika ni kisanduku tu. Kwa hiyo wanaosema mahali kinapokaa pana uzito wana ushahidi mkononi.

Ushahidi huo huo, hata hivyo, unanifanya niwe na shaka na kisanduku cha pili. Wikipedia ya Kiswahili, iliyoanza mwaka 2003, ina mahali pa kutafutia juu ya kila ukurasa, na kwenye simu pia. Ukiongeza kingine katikati ya Mwanzo kinachofanya kazi ile ile, umempa msomaji milango miwili ya chumba kimoja na kuisukuma makala nzuri ya juma chini ya kioo cha simu. Ipo tofauti moja. Lango la www.wikipedia.org lina kisanduku katikati kwa sababu mgeni wa hapo hajachagua hata lugha. Hana cha kusoma bado. Mwanzo wa wiki ya lugha fulani ni ukurasa wa kusomwa. Ndiyo sababu Wikipedia ya Kiingereza imekuwa na jibu la kudumu kwa wanaouliza kwa nini kishale hakisimami chenyewe ndani ya kisanduku pindi Mwanzo unapofunguka: wengi wanaoufungua wanataka kusoma, na kishale kikinaswa kisandukuni, vitufe vya kibodi vya kupanda na kushuka ukurasa havifanyi tena kazi waliyoizoea. Kwenye simu ni vibaya zaidi, maana kibodi ingeruka juu na kufunika nusu ya ukurasa kabla mtu hajasoma hata salamu.

Kwa wiki zenye seva zao zenyewe, hali ni nyingine. Nazungumzia wiki ya kijiji, ya shule, ya chama cha wafugaji nyuki, ya wapenzi wa taarabu. Nyingi zinatumia muonekano wa zamani ambao upau wa pembeni, pamoja na kisanduku chake, hutupwa chini kabisa ukurasa unapofunguliwa kwenye kioo chembamba. Msomaji wa simu anateremka mpaka anachoka. Hapo kisanduku juu ya Mwanzo ni msaada wa kweli, na mwenye kukileta apewe nafasi bila mjadala mrefu. Mwaka 1997 Jakob Nielsen, mtaalamu wa Kidenishi aliyejipatia jina kwa kuchunguza jinsi watu wanavyotumia tovuti, aliandika kwamba zaidi kidogo ya nusu ya watumiaji hukimbilia kutafuta, na kama mmoja kati ya watano tu ndiye hupendelea kufuata viungo. Takwimu ni za zamani, lakini sijaona dalili kwamba watu wamepata subira zaidi tangu wakati huo.

Tuchukulie basi kwamba kisanduku kimewekwa. Kinafanya nini? Watu wengi hudhani ni kitu kimoja, kumbe ndani yake mna mashine mbili zisizofanana. Ya kwanza inaanza kazi kabla hujabonyeza chochote. Unapoandika herufi za mwanzo, inatazama vichwa vya makala na kukupendekezea vinavyoanza na herufi hizo. Katika Wikipedia inasamehe makosa madogo ya tahajia, ila kwa kawaida herufi ya kwanza haisamehewi. Kitufe cha Nenda ni ndugu yake: kama kuna ukurasa wenye jina hilo hilo, unapelekwa moja kwa moja. Mashine ya pili ni ya kitufe cha Tafuta, na pia ndiyo unayoangukia Nenda inaposhindwa. Hii haisomi vichwa peke yake. Inapitia faharasa ya maneno yote yaliyomo ndani ya makala zote.

Sasa mpe mashine ya kwanza neno la Kiswahili. Mwanafunzi anaandika "macho". Makala inaitwa "Jicho". Herufi ya kwanza si ile, ya pili si ile, na orodha ya mapendekezo inamletea chochote kinachoanza na Mach-. Anaandika "vitunguu", makala inaitwa "Kitunguu". Anaandika "kuta", makala ni "Ukuta". Anaandika "meno", makala ni "Jino". Mtoto wa darasa la pili anajua kwamba hilo ni neno moja katika umoja na wingi. Mashine inayosoma kutoka kushoto haina habari. Kiingereza hakina taabu hii kwa sababu anayeandika wingi wa neno lake huwa ameshapita kwenye umoja wake njiani, na pendekezo limeshajitokeza kabla hajafika mwisho.

Mfano unaonichekesha na kuniudhi kwa pamoja ni wa makabila. Chukua mzizi -sukuma. Watu ni Wasukuma, mmoja wao ni Msukuma, lugha yao ni Kisukuma, nchi yao ni Usukuma. Katika orodha ya alfabeti maneno hayo manne yamekaa kwenye W, M, K na U. Mtu akitaka kujua habari za watu hao, ana njia nne halali za kuanza, na zote ni Kiswahili fasaha. Mkoa au wilaya nao waweza kuwa na makala yenye jina jingine kabisa. Mapendekezo yatampeleka kwenye mlango mmoja kati ya minne, kutegemea alichofikiria kwanza, na milango mingine mitatu hataiona.

Mashine ya pili ingeweza kuokoa jahazi, maana yenyewe inatafuta ndani ya matini. Mtu anaandika "wakulima wa kahawa". Kwa kawaida injini ya Wikipedia, iitwayo CirrusSearch, inataka maneno yote uliyoandika yapatikane katika makala. Sasa fikiria makala nzuri ya kahawa iliyoandikwa kwa mtindo wa ensaiklopidia: mkulima huchuma buni zikiiva, kilimo cha zao hili kinahitaji mwinuko, kahawa hulimwa kwenye miteremko ya milima. Mzizi -lim- umo kila mahali. Neno "wakulima" halimo hata mara moja. Makala inaachwa, na anayetafuta anaambiwa hakuna, au analetewa habari za chama cha ushirika zinazotaja wakulima na kahawa kwa kupita.

Kwa lugha nyingine tatizo hili limetatuliwa zamani. Mwaka 1980 Martin Porter alichapisha kanuni fupi za kukata miisho ya maneno ya Kiingereza ili sura mbalimbali za neno zikutane kwenye shina moja, na wazo lake likazaa kanuni za lugha nyingi za Ulaya. CirrusSearch ilijengwa juu ya mtambo uitwao Elasticsearch, ambao unakuja na vichanganuzi vya lugha zaidi ya 30. Humo kuna Kibaski, kuna Kigalisia, kuna Kikurdi cha Kisorani, kuna Kiayalandi. Kiswahili hakimo. Lugha yenye wasemaji wengi kuliko kadhaa kati ya hizo inashughulikiwa kama msururu wa herufi uliotenganishwa kwa nafasi.

Kuna wanaosema basi msomaji atumie nyota, alama ya kuwakilisha herufi zozote. Wamesahau kitu. Katika CirrusSearch nyota inaruhusiwa katikati ya neno au mwishoni. Mwanzoni hairuhusiwi, kwa sababu kutafuta kwa mwisho wa neno kunailazimu mashine kupekua faharasa nzima. Mahali pekee ambapo sisi tungeihitaji, yaani *toto ili upate mtoto na watoto, ndipo palipofungwa. Ipo njia ya kuandika msemo wa kiufundi wenye intitle na alama za mkwaju, nayo inafanya kazi, lakini ukimwambia hivyo mama anayetafuta dalili za surua kwa mwanawe, umemfukuza.

Si kwamba kompyuta haiwezi. Kichanganuzi cha Kiindonesia kilichomo katika mitambo hiyo hiyo kinakata viambishi awali kama me- na ber- bila shida. Na kwa Kiswahili, Profesa Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki alianza kazi hiyo tangu miaka ya 1980. Mfumo wake, uliokuja kuitwa SALAMA, unaweza kulichukua neno kama "hawatatufundisha" na kulifumua kiambishi kwa kiambishi. Elimu ipo. Kinachokosekana ni chombo chepesi, huria, chenye mtu wa kukitunza, kinachoweza kupachikwa ndani ya injini ya utafutaji na kuachwa hapo miaka kumi.

Na kukitengeneza kunataka uangalifu, kwa sababu kisu cha haraka kinakata vibaya. Ukiiambia mashine ikate ki- na vi- kila inapoziona, "viazi" na "kiazi" vitakutana vizuri, lakini "vita" itabaki "ta" na "kijiko" itabaki "jiko", na aliyetafuta kijiko ataletewa habari za mkaa na mafiga. Ukikata ma-, "matunda" na "tunda" vimepatana, "maji" yamekuwa "ji". Ukikata wa-, "wakati" umegeuka "kati" na "wazo" limegeuka "zo". Kukata kunahitaji kamusi nyuma yake, na kamusi inahitaji kibali cha aliyeitunga. Hapo mradi huwa unalala.

Jumuiya ya wiki haina haja ya kungoja usingizi huo uishe. Inayo dawa tangu siku ya kwanza, nayo ni ukurasa wa kuelekeza: ukurasa usio na chochote ndani ila amri ya kumpeleka msomaji kwenye makala nyingine. Unaunda "Macho", unauelekeza kwenye "Jicho", na kuanzia hapo neno hilo linatokea katika mapendekezo, Nenda inalitambua, na Tafuta nayo inalihesabu. Haugharimu nafasi ya maana wala hauhitaji fundi. Mtu mwenye simu na nusu saa ya kungoja daladala anaweza kutengeneza kadhaa.

Wingi ni sehemu ndogo tu ya kazi hiyo. Majina ya watu ni kubwa zaidi. Makala huitwa kwa jina kamili, "Julius Nyerere", wakati msomaji anaandika "Nyerere" au "Mwalimu Nyerere". Yote mawili yahitaji kuelekezwa kwa sababu herufi zake za kwanza hazikutani na J. Msanii anayejulikana kwa jina la jukwaani naye ni hivyo hivyo: Bi Kidude na Fatuma binti Baraka ni mtu mmoja, lakini orodha ya alfabeti haijui. Kisha tahajia. Shaaban Robert huandikwa pia Shaban Robert. Dar es Salaam huandikwa kwa vistari, kwa neno moja, kwa a moja mwishoni. Ng'ombe ana taabu yake: simu moja huweka alama iliyonyooka, nyingine huweka iliyopinda, na mwenye haraka anaandika "ngombe" tu. Kwenye wiki ndogo yenye injini ya kawaida ya MediaWiki, hizo ni sura tatu zisizojuana.

Halafu kuna mgawanyiko ambao sisi wenyewe tunaufanyia mzaha lakini kwenye kisanduku ni jambo zito. Aliyesoma Kenya ataandika "tarakilishi" na "rununu". Aliyesoma Tanzania ataandika "kompyuta" na "simu ya mkononi". Mmoja atatafuta "korona", mwingine "UVIKO-19". Wiki inalazimika kuchagua jina moja la makala, na mabishano ya jina lipi huweza kuchukua juma zima kwenye ukurasa wa majadiliano. Sina upande katika mabishano hayo. Ninachodai ni kwamba jina lililoshindwa lisifutwe. Liwe ukurasa wa kuelekeza siku hiyo hiyo. Mkenya asikute ukurasa mtupu kwa sababu Mtanzania alipata kura nyingi, wala kinyume chake.

Tahadhari moja. Kuelekeza kwa pupa kunazaa matatizo mapya. "Mali" ni utajiri, na ni nchi ya Afrika Magharibi. "Kaa" ni mnyama wa pwani, na ni kipande cha makaa. "Tembo" ana mkonga, na pia hugemwa mnazini. "Ndege" ndiyo mfano unaotolewa kila siku. Maneno kama hayo yanataka ukurasa wa maana, unaomwonyesha msomaji njia zote na kumwacha achague. Anayeelekeza "Mali" moja kwa moja Bamako amemfungia njia mwanafunzi wa uchumi.

Kwa nini basi kazi hii haifanyiki? Kwa maoni yangu, kwa sababu haihesabiki. Idadi ya makala inayotangazwa na MediaWiki haihesabu kurasa za kuelekeza. Mashindano ya uandishi, na Kiswahili kimepata kadhaa tangu lile la Google lililofanyika mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 kwa ajili ya wanafunzi wa Kenya na Tanzania, kwa kawaida hutazama makala mpya na ukubwa wake. Mwandishi aliyetengeneza kurasa 60 za kuelekeza siku nzima anamaliza bila pointi hata moja, wakati jirani yake aliyetafsiri makala mbili za mito ya Ufaransa anapigiwa makofi. Waandaaji wa mashindano wakiamua kwamba makala haipewi alama kamili mpaka iwe na kurasa zake za kuelekeza, hali itabadilika ndani ya msimu mmoja.

Matokeo ya kutofanya hivyo huonekana kwenye kitu kingine ambacho wiki hufanya na tovuti za kawaida hazifanyi. Usipopata ulichotafuta, MediaWiki inakupa kiungo chekundu na kukualika uanzishe ukurasa wa jina hilo. Ni mwaliko mzuri. Makala nyingi zimezaliwa hivyo, kutoka kwa mtu aliyekuja kusoma akaishia kuandika. Lakini mtu aliyetafuta "Vyura" akaambiwa hakuna ukurasa wa jina hilo, wakati "Chura" yupo na picha zake, anakaribishwa kuandika makala ya pili ya mnyama yule yule. Mwenye bidii ataiandika. Miezi mingi baadaye mkabidhi atazikuta mbili, kila moja na waandishi wake, na kuanza shughuli ya kuziunganisha ambayo haina shukrani. Na kadiri kisanduku kinavyokuwa kikubwa na kuonekana zaidi, ndivyo watu wengi zaidi watakavyoangukia kwenye kiungo hicho chekundu. Ndiyo maana nasema kurasa za kuelekeza zitangulie, kisanduku kifuate.

Jumuiya itajuaje ielekeze maneno gani? Kubahatisha kunafika mbali, lakini rekodi ya maneno yaliyotafutwa bila kupatikana inafika mbali zaidi. Hapa mwenye seva yake ana uwezo ambao mhariri wa kawaida wa Wikipedia hana, na uwezo huo una miiba. Agosti 2006 kampuni ya AOL ilitoa hadharani rekodi za utafutaji za watumiaji wapatao 650,000, majina yakiwa yameondolewa na namba kuwekwa badala yake. Haukupita muda waandishi wa New York Times wakamtambua mmoja wao, bibi wa Georgia, kwa kusoma tu alichokuwa akitafuta. Septemba 2012 Taasisi ya Wikimedia nayo ilitoa rekodi za utafutaji kwa ajili ya watafiti, ikaziondoa karibu mara moja baada ya kugundulika kuwa baadhi ya watu walikuwa wameandika humo habari zao za siri kwa mikono yao wenyewe. Watu hubandika chochote kwenye kisanduku: namba ya simu, barua pepe, jina la mgonjwa na ugonjwa wake. Katika wiki ya kijiji, ambako kila mtu anamjua mwenzake, neno moja linatosha kumtambulisha mtu. Kwa hiyo isihifadhiwe habari ya nani alitafuta wala saa ngapi. Hesabu neno na idadi ya mara, tupa lolote lililotafutwa mara moja au mbili tu, na orodha isomwe na wakabidhi, isibandikwe ukurasani. Kinachobaki baada ya kuchuja hivyo, yaani maneno yanayorudiwa na wengi, ndicho hasa unachokihitaji kwa kazi ya kuelekeza.

Upana wa kisanduku, nilioahidi kuugusa, ni jambo la kuhesabu tu. Nielsen alishauri kisanduku chenye nafasi ya herufi 27 hivi, maana kinatosha sehemu kubwa ya wanachoandika watu. "Jumuiya ya Afrika Mashariki" ni herufi 27 barabara, ukihesabu na nafasi. "Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo" ni 32. Majina yetu ya taasisi yana -a ya uhusiano kila baada ya neno, kwa hiyo weka 35 kwenye kompyuta na uache simu ijipunguzie yenyewe.

Maandishi ya kijivu yanayotangulia ndani ya kisanduku yana faida zaidi ya watu wanavyodhani, ikiwa hayapotezwi kwa "Karibu utafute hapa". Yatumie kufundisha. Kwa kuwa makala nyingi zina vichwa vya umoja, andika: "Neno moja, kwa umoja: kitunguu, mto, Nyerere". Msomaji mmoja kati ya kadhaa ataliona na kulifuata, na huyo umemwokolea safari. Ila usitegemee maandishi hayo peke yake kusema kisanduku ni cha nini, kwa sababu hupotea mara tu mtu anapoanza kuandika, na programu za kuwasomea wasioona hazikubaliani namna ya kuyashughulikia. Vitufe vibaki vyote viwili, na majina yake yabaki Nenda na Tafuta kama yalivyo kwingine kwenye wiki.

Wiki inayosomwa pia bila intaneti ifikirie jambo moja zaidi. Shule zinazotumia Kiwix, programu iliyoanza 2007 ya kusomea Wikipedia na wiki nyingine kutoka kwenye diski, hupata nakala ya kurasa bila seva iliyozizalisha. Kisanduku kilichobandikwa ndani ya Mwanzo kinaitegemea seva hiyo. Kwenye nakala ya shule hakina wa kumuuliza. Kiwix ina mahali pake pa kutafutia, panapofanya kazi, na mwanafunzi anayekazana na kisanduku cha katikati ya ukurasa ataamini kwamba chombo chote kimeharibika. Kurasa za kuelekeza, kwa upande mwingine, husafiri pamoja na nakala na kufanya kazi kule kama zinavyofanya huku.

Kama baada ya yote hayo bado nafasi ipo kwenye Mwanzo na jumuiya inataka kisanduku cha pili, basi kifanye kazi ambayo kile cha juu hakiifanyi. InputBox ina mpangilio wa type=fulltext, unaoruka vichwa na kwenda moja kwa moja ndani ya matini, na mwingine wa prefix, unaoubana utafutaji kwenye kurasa zinazoanza na jina fulani. Ukiiunganisha, unaweza kupata kisanduku kinachopekua kurasa za msaada tu, au kumbukumbu za majadiliano ya jumuiya peke yake, ambazo kwenye wiki nyingi ndizo ngumu kuliko zote kupatikana. Kiite kwa kazi yake, "Tafuta katika majadiliano ya zamani", na kikae chini, karibu na kiungo cha Mabadiliko ya karibuni, wanakopita wahariri.